Bi Jumla na Mji Usioungua

Mimi ni dereva, na dereva asiye na safari huwa mtu hatari ofisini, maana anajua mambo ya kila meza. Ndivyo nilivyomjua Bi Jumla. Ofisi yetu ni makao makuu ya zimamoto ya jimbo, lakini msidhani tulikuwa tunazima chochote pale. Wanaozima wako mijini huko kwenye vituo vyao, na mipira yao ya maji na viatu vyao virefu. Sisi tulikuwa tunahesabu. Na tuseme kweli, aliyehesabu alikuwa mmoja tu. Wengine tulikunywa chai na kumuuliza kama amemaliza.

Jina lake la kuzaliwa lipo, mwenyewe analijua. Sisi tulimwita Bi Jumla kwa sababu hakuna mazungumzo aliyoyaacha bila kuyajumlisha. Ukimsimulia ugomvi wako na mkeo tangu mlivyoamka mpaka mlivyonuniana, atakusikiliza kwa utulivu kabisa, halafu atakwambia, "Kwa hiyo, kwa jumla, kosa ni lako." Unabaki umeduwaa na kikombe mkononi. Alikuwa mfupi, amejaa kiasi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, na kalamu aliichomeka kwenye nywele kisha akaitafuta ofisi nzima. Mimi na magoti yangu haya mabovu nimeinama chini ya ile meza mara nyingi kutafuta kalamu iliyokuwa kichwani kwa mwenyewe. Akiipata hasemi asante. Anasema, "Kumbe."

Kila mwisho wa mwezi alipiga simu miji yote ya jimbo, mmoja baada ya mwingine, kuuliza kumetokea mioto mingapi. Simu aliiweka sauti ya juu ili mikono ibaki huru kuandika, kwa hiyo tulisikia wote, na hiyo ndiyo ilikuwa redio yetu. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna wakuu wa vituo wawili wanaohesabu moto namna moja. Mji wa ziwani walihesabu kila gari lilipotoka getini, hata kama limekwenda kuwapelekea maji watu wa harusi. Mji wa viwanda walihesabu vyumba, kwa hiyo nyumba moja ya vyumba sita ikiungua, kwao ni mioto sita. Mji wa mlimani, mkuu wa kituo alihesabu ile tu aliyoiona kwa macho yake. Akienda likizo, mji mzima unapoa.

"Harusi si moto," Bi Jumla alimwambia mkuu wa ziwani.

"Dada, hukuwepo," yule akajibu. "Ungeona ile ngoma usingesema hivyo."

Tukavunjika mbavu. Yeye hakucheka, lakini alimwondolea ile safari ya harusi baada ya mkuu mwenyewe kukubali kwa mdomo wake. Maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na aliishika kwelikweli: anaandika kile ambacho mkuu wa kituo amekitamka, basi. Haongezi, hapunguzi. Mkurugenzi mmoja wa zamani aliwahi kumwomba azilegeze kidogo takwimu kwa sababu kuna wageni wanakuja. Bi Jumla akasimama, akamvutia kiti chake. "Karibu uketi, bwana, uandike mwenyewe. Mimi nitakwenda kuongea na wageni." Mkurugenzi akajifanya anatafuta miwani yake, akaondoka.

Sasa nije kwa Bwana Sifuri. Huyu alikuwa mkuu wa kituo cha mji aliozaliwa Bi Jumla, na tena alikuwa kaka yake, wa tumbo moja. Mwanaume mrefu, suruali imenyooshwa mpaka unaona haya kukaa karibu naye na shati lako. Kila mwezi dada akipiga simu, jibu lilikuwa lilelile.

"Kaka, moto?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata cheche, mdogo wangu. Mji wangu umetulia."

Siri ya utulivu huo ilikuwa paa. Mkuu aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alimwachia kanuni kwamba moto ukizimwa kabla haujashika paa, huo haujawa moto bado, huo ni moshi tu. Na yeye na vijana wake walikuwa wepesi ajabu. Gari lao lilikuwa moja tu, kuukuu, lakini mji ni mdogo na barabara zake wanazijua hata wakifumba macho. Ukipiga simu, hujarudisha mkono mfukoni king'ora unakisikia. Kwa hiyo paa halikushika kamwe, na kwa hiyo moto haukutokea kamwe. Na kwa kuwa kila mwaka makao makuu yalitoa ngao kwa mji wenye mioto michache zaidi, ngao zote zilikwenda ukutani kwake. Alizipangusa vumbi mwenyewe. Hakumruhusu kijana yeyote azishike.

Bi Jumla alikuwa akiiandika ile sifuri huku amekunja uso. Lakini aliiandika. Kaka ametamka.

Mwezi mmoja simu hiyo iliisha vibaya. Ilikuwa saa ya chai, nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshika maandazi ya watu wote. Kaka mtu akaanza kama kawaida, hakuna, mji umetulia, hata che... kisha akanyamaza. Tukasikia kiti kinaanguka. Simu ikakatika. Bi Jumla akaitazama simu. Kaka yake hakuwa mtu wa kukata simu bila kuaga, yule huaga mpaka unachoka. Alipompigia tena hakupokea, na alipokuja kupokea baadaye alisema paka alirukia meza. Bi Jumla akaandika sifuri.

Haukupita muda, Mkurugenzi wetu mpya akaita kikao. Si mtu mbaya, nisije nikaambiwa namsema. Alilitazama jedwali la mwaka, akaona mji wa viwanda una mioto kama mvua na gari moja, na mji wa Bwana Sifuri una gari moja na hakuna moto. Akasema jambo ambalo hata mimi dereva ningelisema: kituo kisicho na moto hakihitaji gari. Ijumaa ya wiki inayofuata jedwali linafungwa, na likishafungwa, gari litahama.

Bi Jumla alirudi mezani akashika tama. Kalamu ilikuwa kichwani, hakuitafuta. Mama yao mzazi alikuwa bado anaishi katika mji ule, peke yake, kwenye nyumba ya zamani ambayo nyaya zake za umeme ziliwekwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kutoka pale hadi kituo kinachofuata ni safari ya kufunga mkanda na kubeba maji ya kunywa. Alimpigia kaka yake papo hapo.

"Watalichukua gari lako."

Kaka mtu akacheka. "Nani anamnyang'anya gari mkuu mwenye ngao nyingi kuliko wote? Unatishwa na maneno ya chai, mdogo wangu."

"Kaka, hesabu zako zinasema huna moto."

"Na sina." Akaaga vizuri sana, akakata.

Siku mbili baadaye akapiga Mama. Kwanza salamu, afya, mbuzi wa jirani, halafu, kana kwamba ni jambo dogo: "Mwanangu, ukipata nafasi niletee rangi nyeupe ya dari. Debe dogo tu linatosha."

"Dari limefanya nini, Mama?"

"Limechafuka."

"Dari linachafukaje? Nani anapita huko?"

"Basi kama huna nafasi, acha," akasema Mama, na sauti ya yule bibi iliniambia hata mimi niliyekuwa pembeni kwamba pale kuna jambo.

Bi Jumla akaomba gari kwa ajili ya ukaguzi wa takwimu, na haikuwa uongo. Tukaondoka asubuhi, mimi, yeye na debe la rangi miguuni kwake. Njia nzima hakunisemesha zaidi ya kuniambia nimekosea kubadilisha gia, na sikuwa nimekosea. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Kwa jumla, gari limelia."

Nyumba ya Mama ilikuwa safi, viti vimevalishwa vitambaa, picha za watoto wawili ukutani, kaka kasimama wima tangu utotoni. Tulimwamkia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniita mwanangu, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado hata kabla hajamaliza. Bi Jumla akaenda moja kwa moja jikoni.

Dari la jikoni lilikuwa jeusi tii kutoka ukutani hadi katikati. Pazia la dirishani lilikuwa jipya, na mlango wa kabati ulikuwa umechomwa upande mmoja ukafunikwa kwa kalenda. Bi Jumla akavuta kiti, akapanda, akapitisha kidole darini, akakitazama.

"Moshi kidogo," Mama akasema.

"Mama, huu si moshi kidogo."

"Mafuta ya kukaangia viazi yalishika. Kaka yako akaja na vijana wake, wakamaliza mara moja. Hata chai niliyomimina haikupoa."

"Nani alikuwa anapika?"

Mama alikuwa ananimiminia chai. Kikombe kilijaa naye akaendelea kumimina, mpaka ikashuka kwenye kisahani, mpaka nikasema Mama, inatosha. "Nani tena?" akasema. "Nyumba hii ninaishi na nani?"

Hapo Bi Jumla akateremka kitini akamgombeza mama yake. Sikupenda. Mimi mama mtu hagombezwi mbele yangu, hata kama amechoma jiji. Eti mtu mzima unaachaje mafuta jikoni unaondoka? Je, ungekufa? Basi utahamia kwangu, hapa huwezi tena kuachwa na jiko. Mama alisikiliza mikono ikiwa juu ya mapaja, akasema, "Ndiyo mwanangu. Uzee huo." Na aliposema uzee huo, nikageuka, nikamwona kaka mtu amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia tumefika. Alikuwa anaviangalia viatu vyake, na viatu vyenyewe vinang'aa, havikuhitaji kuangaliwa.

"Kaka," Bi Jumla akasema, "huu ulikuwa moto."

"Paa halikushika."

"Dari lilikuwa linawaka," Mama akasema polepole.

"Dari si paa, Mama."

Bi Jumla hakubishana. Alimshika mkono kaka yake kama walivyokuwa wadogo, nadhani, akamtoa nje, na mimi nikafuata na andazi langu. Tukaenda kwa miguu mpaka kituoni. Njiani kila mtu alimsalimu mkuu, na kila mtu alikuwa na lake. Fundi seremala akamshukuru kwa karakana yake, ile siku vumbi la mbao liliposhika. Mwenye duka la vitambaa akamwonyesha Bi Jumla ukuta ulioungua nyuma ya kabati, na akaonyesha kwa fahari, kana kwamba ni harusi ya mwanawe. Muuza mkate akasema asingekuwa na tanuri leo. Kaka mtu alizidi kunyooka na kuzidi kutokwa jasho, vyote pamoja.

Pale kituoni gari lilikuwa limeoshwa, limegeuziwa uso barabarani. Juu yake, ukutani, ngao zimepangwa. Bi Jumla alizitazama moja moja.

"Paa halishiki kwa sababu hili gari linafika," akasema. "Likiondoka, Kaka, ndipo utakapoanza kuhesabu. Na wa kwanza sijui utakuwa wa nani."

"Kwa hiyo niandike nini? Kwamba mji wangu unaungua?"

"Tamka tu kilichotokea. Nitaandika mimi."

"Na hizi?" Akanyoosha mkono kwenye ngao. "Vijana wangu nitawaambia tulizipata vipi?"

Kaka mtu akavaa kofia akaingia ofisini kwake, akafunga mlango. Tulirudi kwa Mama nikapaka dari lile mwenyewe, magoti yakilia, huku yule bibi ananishikia kiti. Aliniambia mwanawe wa kiume tangu mdogo akivunja kikombe alikuwa anavificha vipande, kisha anakaa karibu navyo mpaka avionyeshe. Sikuelewa kwa nini ananiambia mimi.

Ijumaa ikafika. Miji yote ilikwisha kupigiwa, isipokuwa mmoja wa mpakani ambao simu yake ilikufa tangu mvua. Katika mstari wa kaka yake palikuwa na sifuri kwa penseli. Mkurugenzi alishatuma mtu mara mbili kuulizia jedwali. Nikamwinamia Bi Jumla sikioni.

"Dada, dari tumeliona wote. Nimelipaka mimi. Andika."

"Nikiandika cha kaka yangu bila yeye kutamka," akasema, "kesho wa ziwani nitamwambia nini kuhusu harusi?"

"Mwambie nyamaza."

Hakucheka. Macho yalikuwa mekundu, nami nikaona aibu kuwa na mdomo. Alikuwa ameshika kifutio mkono mmoja na kalamu ya wino mkono mwingine, na hakutumia chochote. Simu ikalia.

"Makao makuu," Bi Jumla akasema.

"Hapa mkuu wa kituo." Hakusema mdogo wangu. Alikuwa anasema kama mtu aliyesimama mguu sawa. "Nina masahihisho ya mwaka. Uko tayari kuandika?"

"Niko tayari."

Akaanza. Karakana ya seremala. Duka la vitambaa. Tanuri la mkate. Stoo ya shule, bila majeruhi. Nyaya za umeme nyumba ya mwalimu. Alikuwa anaikumbuka mioto yote, siku na chanzo na mipira waliyotumia, jambo lililoonyesha kwamba kichwani hakuwahi kusahau hata mmoja. Bi Jumla aliandika bila kuinua uso. Ofisi nzima tulisogea kwenye meza yake, vikombe mkononi. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole, vidole vikanikwisha, nikaanza upya. Mji ule uliupita wa mlimani, ukaupita na wa ziwani, hata kama harusi zake zingehesabiwa. Wenye mioto michache kuliko yote ukabaki ule wa simu mbovu, na ngao ya mwaka ule tulijua itawabidi waifuate wenyewe, maana hakuna namna ya kuwaambia.

"Inatosha, Kaka," Bi Jumla akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi na kucheka. "Gari limebaki. Halitoki tena hilo."

"Bado mmoja."

"Si lazima. Nimekwambia inatosha."

"Andika." Akakohoa. "Nyumba ya makazi, jikoni. Mwenye nyumba, mama mzazi wa mkuu wa kituo. Dari na kabati vimeungua. Chanzo: mpishi aliacha mafuta jikoni akaenda sebuleni kupokea simu."

"Mama hana simu ya sebuleni, Kaka. Ana ile ya mkononi, na huitundika shingoni."

"Mpishi hakuwa Mama."

Bi Jumla akasimamisha kalamu.

"Nilikuwa namkaangia viazi," kaka mtu akasema. "Ukapiga. Nilikuwa nakwambia hakuna hata cheche."

Hakuna aliyecheka, na mjue ofisi ile inacheka hata mtu akijikwaa. Bi Jumla aliandika ule mstari mpaka mwisho, kwa wino, kwa mwandiko wake uleule wa siku zote. Akasema, "Asante, mkuu wa kituo." Yule naye akasema, "Asante, mdogo wangu," na mara hii akakata bila kuaga, nasi tukajua si paka.

Jedwali nililipeleka mimi kwa Mkurugenzi. Niliporudi nilimkuta Bi Jumla anampigia Mama, na sauti ya juu hakuizima, nadhani alisahau.

"Mama, nisamehe. Nilikugombeza bure. Kwa nini hukusema kwamba ni yeye?"

Mama akafikiri. Tukasikia jiko linazimwa, kifuniko kinawekwa. Yule bibi hakuwa mtu wa kuacha kitu motoni akaongea na simu.

"Wewe ukinigombeza mimi," akasema, "kesho unanipigia kuniuliza nimelalaje. Ukimgombeza kaka yako mnanuniana mwaka mzima, na mimi ndiye ninayekaa katikati. Sasa huyu dereva wako mwambie alisahau kupaka ile kona ya mlangoni."